Bapa la Fimbo: Kunyoosha Mpigo wa Gofu Chini ya Milima ya Uluguru

Ukisimama katika uwanja wa gofu wa Morogoro Gymkhana, mlima huwezi kuusahau. Uluguru imejaza upande wote wa kusini, kilele cha Bondwa na minara yake kikiingia na kutoka mawinguni, na ardhi unayoikanyaga ni mguu wa mlima huo: inashuka, inajikunja, inainuka kidogo, halafu inashuka tena kuelekea mjini. Kuna mahali macho yanakuambia umesimama tambarare. Weka mpira chini uone.

Mpigo wa gofu una mambo mengi, na makala haya yanashika moja tu: bapa la fimbo, yaani ule mwinamo ambao fimbo hupanda na kushuka nao kumzunguka mchezaji. Ni jambo linalowasumbua sana wachezaji wa ridhaa, na mara nyingi hufundishwa kinyumenyume, kuanzia mikononi na kileleni mwa mpigo, wakati chanzo chake kiko chini, kwenye nyayo na kwenye udongo. Morogoro ni mahali pazuri pa kujifunza hilo, kwa sababu hapa udongo haukubali kusahauliwa. Maelezo yote yanamhusu anayepiga kwa mkono wa kulia. Mwenye shoto ageuze kulia kuwa kushoto.

Jembe na fyekeo

Katika maneno ya kila siku, bapa ni ule upande mpana wa panga. Mtu akipigwa bapa anaumia lakini hakatwi. Walimu wa hisabati wamelichukua neno hilo kutaja uso tambarare usio na unene wala mwisho. Katika gofu maana hizo mbili zinakutana. Fimbo inapopanda na kushuka, kichwa chake kinachora duara hewani, na mpini unafagia uso ulioinama kama panga kubwa lililoegemezwa mabegani mwa mchezaji huku makali yake yakigusa ardhi pale penye mpira. Huo uso ndio bapa la mpigo.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania tayari anayajua mabapa mawili, hata kama hajawahi kushika fimbo ya gofu. Jembe hupanda juu ya kichwa na kushuka mbele ya mwili. Bapa lake ni wima, au karibu na wima. Fyekeo huzunguka miguu na kupita juu kidogo ya ardhi. Bapa lake limelala. Gofu iko kati ya hayo mawili, na kila fimbo katika mkoba ina nafasi yake. Weji, ambayo ni fupi, urefu wake kama sentimita 90, humlazimu mchezaji asogee karibu na mpira na kuinama zaidi, hivyo bapa lake linaelekea upande wa jembe. Dreva ina urefu wa kama sentimita 114. Mchezaji husimama mbali na mpira, na bapa linalala kuelekea upande wa fyekeo. Kwa wachezaji wa kulipwa, bapa la dreva huwa kati ya nyuzi 45 na 50 kutoka ardhini, na la weji hufika 60 au kupita kidogo.

Mwili nao una sauti yake. Ian Woosnam wa Wales, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1986 na Masters mwaka 1991, ana urefu wa kama mita 1.64 tu, na fimbo yake ilizunguka kwenye bapa lililolala kuliko la wengi wa enzi yake. Jack Nicklaus alipandisha mikono juu sana, wima kuliko vitabu vingi vinavyoruhusu, akashinda mashindano makubwa 18. Mtu mrefu mwenye mikono mifupi hataweza kupiga kama mtu mfupi mwenye mikono mirefu, na mwalimu anayewalazimisha wote wawili wafuate picha moja anawatesa bure.

Kwa nini bapa lina uzito wote huo? Kwa sababu ya muda. Fimbo hutumia kama robo ya sekunde kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira, na uso wake hukaa kwenye mpira kwa kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kurekebisha kitu ndani ya muda huo. Njia ya fimbo lazima iwe imekwisha kuamuliwa kabla, na kinachoiamua ni mwinamo wa bapa, mahali linapoelekea, na pale ambapo sehemu ya chini kabisa ya duara inagusa ardhi.

Hapa kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawajaelezwa, na linatatua fumbo wanalobeba kwa miaka. Bapa likiwa limeinama, fimbo ambayo bado inashuka inakuwa pia bado inaenda nje, mbali na mwili, kuelekea kulia kwa shabaha. Ikishapita sehemu ya chini kabisa na kuanza kupanda, inarudi ndani, kuelekea kushoto. Chukua aironi, fimbo ya urefu wa kati, inayogonga mpira ikishuka kwa nyuzi 4 kwenye bapa la nyuzi 60: hata kama bapa lenyewe limeelekezwa moja kwa moja kwenye kibendera, njia ya fimbo wakati wa kugonga inaelekea kulia kwa nyuzi 2.3. Chukua dreva ya mchezaji huyohuyo, mpira ukiwa juu ya tii, kile kijiti cha kuuinua, fimbo ikipanda kwa nyuzi 3 kwenye bapa la nyuzi 45: sasa njia inaelekea kushoto kwa nyuzi 3. Mtu mmoja, mpigo mmoja, tofauti ya zaidi ya nyuzi 5 kati ya fimbo mbili. Ndiyo maana unasikia mchezaji akilalamika kwamba aironi zake zinanyooka lakini dreva inampindia kulia kila mara. Hana ugonjwa. Anachohitaji ni kusimama na dreva akiwa ameelekeza bapa kidogo upande wa kulia wa shabaha, ili njia ya fimbo irudi katikati wakati wa kugonga.

Kioo cha Hogan

Wazo la bapa lilipata picha yake maarufu mwaka 1957, Ben Hogan wa Texas alipotoa kitabu chake cha masomo matano, kikiwa na michoro ya Anthony Ravielli. Hogan alikuwa mtu mfupi, aliyegongwa na basi mwaka 1949 akiwa ndani ya gari lake, akaambiwa huenda asitembee vizuri tena, na mwaka uliofuata akashinda US Open. Katika mchoro ule, mchezaji ametoa kichwa kupitia tundu la kioo kipana kilicholala mabegani mwake na kushuka hadi kwenye mpira. Mikono ikipanda isikivunje kioo. Wengi wanaishia hapo na kusahau nusu ya pili ya fundisho: Hogan alisema bapa la kushuka si lilelile la kupanda. Limelala kidogo zaidi, na linatazama kulia kidogo kwa shabaha.

Homer Kelley, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya kutengeneza ndege ya Boeing, alitoa kitabu chake mwaka 1969 akaonyesha kwamba fimbo inaweza kuhama kutoka bapa moja hadi jingine katikati ya mpigo na bado ikarudi sawasawa kwenye mpira. Baadaye Jim Hardy, mwaka 2005, akawagawa wachezaji katika makundi mawili: wale ambao mikono yao huzunguka kwenye mwinamo wa mabega, na wale ambao mikono hupanda juu zaidi ya mabega. Kila kundi lina mazoezi yake, na dawa ya kundi moja huwa sumu kwa jingine. Nadhani huo ndio mchango wake mkubwa, kwa sababu mchezaji wa ridhaa hukusanya ushauri kama mtu anayeokota nazi njiani, bila kuuliza umetoka mti gani.

Halafu yupo Jim Furyk. Fimbo yake hupanda wima kabisa, inatengeneza kitanzi juu ya kichwa, kisha inaanguka kwenye bapa sahihi ikiwa njiani kushuka. Alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi moja ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa kwa mikwaju 58. Kupanda kwake hakufanani na kitabu chochote. Kushuka kwake kunafanana na vyote.

Duara la slaisi

Kasoro za bapa ziko za aina mbili, wima mno na kulala mno, na ya kwanza ndiyo inayojaza viwanja. Mchezaji anashuka kama anayelima kwa jembe. Anapofika juu, kitu cha kwanza kutembea ni bega la kulia, linarukia mbele kuelekea mpira. Mikono inasukumwa nje, fimbo inashuka juu ya bapa ililopandia, na inakata mpira kutoka nje kwenda ndani. Kipande cha nyasi kinachong'oka kinaelekea kushoto. Mpira unaanzia kushoto kisha unapinda kulia, au unapinda kulia tangu mwanzo na kupotelea kwenye miti. Hiyo ndiyo slaisi.

Lakini mara nyingi chanzo si bapa. Chanzo ni uso wa fimbo. Mwelekeo wa mpira unapoondoka huamuliwa zaidi na pale uso wa fimbo unapotazama. Kupinda kwake hewani huamuliwa na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Mchezaji mpya anashika fimbo kwa mshiko dhaifu, mkono wa kushoto ukiwa umegeukia kushoto mno, na uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa umefunguka. Mpira unaenda kulia. Kichwa chake kinamwambia: elekea kushoto zaidi. Anageuza miguu na mabega kushoto, anavuta fimbo kushoto, na sasa tofauti kati ya njia na uso imeongezeka, kwa hiyo mpira unapinda kulia zaidi. Kesho anaelekea kushoto zaidi tena. Ndani ya mwaka mmoja amejijengea bapa la jembe, na kila siku analiimarisha kwa mazoezi ya dhati. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu mtu huyo hakosi bidii. Bidii yake yote imeelekezwa mahali pasipo.

Kwa hiyo anayetaka kurekebisha bapa aanze na mshiko. Akitazama chini aone vifundo viwili au vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto, na pembe iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia. Mpira ukianza kupinda kushoto, hata kama inamtisha, ni habari njema: kichwa chake sasa kitamtuma kutupa fimbo kuelekea kulia, na bapa litaanza kulala lenyewe.

Kasoro ya pili, kulala mno, huonekana zaidi kwa mchezaji mzoefu. Anavuta fimbo ndani, nyuma ya miguu, mara tu inapoanza kutembea. Ikifika juu iko nyuma ya mgongo. Kutoka hapo ana njia mbili: kuishusha ikiwa imenasa nyuma ya mwili, na mpira uende kulia moja kwa moja au upinde kushoto vibaya, au kuirusha juu ya bega ili ipate nafasi. Hiyo ya pili ndiyo inayowachanganya walimu. Wanamwona mtu anashuka kama jembe, wanamwambia alaze bapa la kupanda, na wao ndio wanaozidisha ugonjwa. Huyo alipaswa kupandisha wima zaidi kidogo, ili asilazimike kurusha.

Kutoka ardhini kwenda juu

Bapa halitengenezwi kileleni mwa mpigo. Linatengenezwa kabla fimbo haijatembea. Nyayo zikiwa imara, uzito katikati ya unyayo, usiwe vidoleni wala visiginoni. Mwili uiname kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, si kwa kukunja mgongo kama anayetafuta sarafu. Mikono ining'inie tu chini ya mabega, bila kunyooshwa kuufuata mpira. Uzito ukiwa vidoleni, mwili utaogopa kuanguka mbele. Wakati wa kushuka utainuka wenyewe, mikono itasukumwa nje, na bapa litaharibika bila mikono kuwa na kosa lolote.

Kisha kuna vituo viwili vya kujipima. Cha kwanza, fimbo ikiwa imepanda nusu na mpini umelala sambamba na ardhi, mpini uwe sambamba pia na mstari wa vidole vya miguu, na kichwa cha fimbo kisijifiche nyuma ya mikono. Cha pili, mkono wa kushoto ukiwa sambamba na ardhi na fimbo imesimama juu, tazama kitako cha fimbo, ule mwisho wa mshiko, kinaelekea wapi. Kikielekea kwenye mstari wa mpira na shabaha, uko kwenye bapa. Kikielekea karibu na vidole vyako vya miguu, umesimama wima mno. Kikielekea mbali kupita mpira, umelala mno. Anayetumia simu kujipiga video aiweke nyuma yake, ikitazama shabaha, kwenye kimo cha mikono; ikiwekwa pembeni hata hatua moja, bapa sahihi litaonekana bovu na bovu litaonekana sahihi.

Mazoezi hayahitaji vifaa vya dukani. Chupa tupu ya maji ikisimamishwa nje kidogo ya mpira, upande wa mbali na mchezaji, nyuma kwa upana wa kiganja, itaangushwa na kila anayeshuka kutoka nje. Kanga iliyokunjwa na kubanwa kwapani upande wa kushoto itaanguka ikiwa mkono umeachana na kifua kabla ya wakati. Ukuta nao ni mwalimu: simama ukiupa mgongo, makalio yakiugusa kidogo, piga bila mpira, na makalio yasiachane na ukuta hadi mpigo umalizike. La kulia linaugusa wakati wa kupanda, la kushoto wakati wa kushuka. Anayeinuka kuelekea mpira atalijua hilo mara moja.

Lakini zoezi lililonifaa kuliko yote nililipata kwa kedi (mbeba fimbo) mmoja mzee, jioni moja, jua likiwa limeshazama nyuma ya miti. Nilikuwa nimepiga mipira kumi na kitu, yote ikienda kulia. Alinitazama kimya, kisha akaenda kwenye mti ambapo fyekeo lilikuwa limeegemezwa, akaniletea.

"Fyeka hewa, kijana wangu. Hapa kiunoni."

Nikafyeka. Fyekeo likazunguka likiwa limelala, kiuno kikitangulia, mikono ikifuata, hakuna bega lililorukia popote.

"Sasa fyeka magotini. Usikaze mikono, inama tu."

Nikainama, nikafyeka magotini.

"Sasa nyasi."

Fyekeo likapita juu ya nyasi na kukata ncha zake, sauti ileile ya siku za shule, na nyasi zilianguka kwenye mstari ulionyooka. Akalichukua fyekeo, akanirudishia fimbo. "Mzee, ndiyo hivyo tu?" nikamuuliza. Akasema ndiyo hivyo. Kilichobadilika kati ya kiuno na nyasi ni kuinama kwangu tu. Mzunguko haukubadilika, na mwili ulikuwa unaujua tangu nikiwa darasa la tatu.

Kushuka nako huanzia chini. Uzito unahamia mguu wa kushoto, nyonga zinaanza kugeuka, mikono inaanguka, mabega yanafuata. Anayefyeka shamba zima mchana kutwa hafyeki kwa mabega. Angechoka kabla ya saa nne. Nguvu yake inatoka miguuni na kiunoni, na fyekeo linaburutwa nyuma yake. Huo mfuatano ndio unaolaza bapa la kushuka kidogo chini ya lile la kupanda, kama alivyosema Hogan, bila mchezaji kujaribu kulilaza.

Mteremko

Sasa turudi kwenye ardhi, kwa sababu hadi hapa nimeeleza kana kwamba mpira umekaa mahali palipopimwa kwa pimamaji. Chini ya Uluguru hilo ni jambo la nadra.

Mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu, yaani umesimama ukiutazama mlima na mteremko unapanda mbele yako, ardhi imekusogelea. Mtazame mkulima wa Mgeta kwenye ngazi zake za mboga: anapolima akiutazama mlima, jembe lake hupiga mapigo mafupi, mgongo wake haujainama sana, kwa sababu udongo umeinuka kumfuata. Mchezaji afanye vivyo hivyo. Asimame wima zaidi, ashike fimbo chini zaidi kwenye mshiko, na akubali bapa lilale. Mpira utaenda kushoto.

Utaenda kushoto kiasi gani? Hili linaweza kukokotolewa. Chukua mteremko wa nyuzi 5 tu, ambao jicho la mgeni halitauona. Fimbo ikilazwa kufuata mteremko huo, mwinamo wa uso wake unageuzwa kushoto. Kwa weji yenye mwinamo wa nyuzi 56, uso unatazama kushoto kwa nyuzi zaidi ya 7: katika umbali wa mita 80, hiyo ni mita 10 nje ya kibendera. Kwa aironi namba 7 yenye nyuzi 34, kasoro ni nyuzi 3.4, yaani karibu mita 8 katika mita 130. Kwa dreva yenye nyuzi 10, kasoro haifiki hata nyuzi 1. Kwa hiyo wachezaji wanaofikiri kwamba mteremko ni tatizo la mipira ya mbali wamegeuza mambo. Fimbo fupi zenye uso uliolala ndizo zinazodanganywa zaidi na mlima, na ni zilezile tunazozitumia tukikaribia shimo.

Mpira ukiwa chini ya usawa wa miguu, mgongo ukiupa mlima, kila kitu kinageuka. Ardhi imekukimbia. Kunja magoti zaidi, panua miguu, uzito usiende vidoleni, na baki chini hadi mpira uondoke. Bapa linakuwa wima, uso wa fimbo unatazama kulia, na mpira utaenda kulia. Hapa ndipo watu wengi hupiga kichwa cha mpira, si kwa sababu bapa ni wima, bali kwa sababu wameinuka katikati ya mpigo wakitafuta usalama.

Mteremko unaokwenda sambamba na mstari wa shabaha ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: mabega yalale sambamba na ardhi. Ukipiga kuelekea mlimani, bega la kushoto liwe juu, mpira utapaa zaidi na kufika karibu zaidi, na mara nyingi utavutwa kushoto. Ukipiga kuelekea mjini, bega la kushoto liwe chini, mpira utapaa kidogo na kukimbia, ukielekea kulia. Na mara nyingi Morogoro inakupa yote kwa pamoja, mguu wa kushoto juu na mpira chini ya usawa, hapo hesabu inakuwa ya moyoni.

Kuujua mteremko ni ustadi wenyewe. Shika fimbo kwa vidole viwili kwenye ncha ya mshiko, iache ining'inie kama timazi ya fundi uashi, na ulinganishe na ardhi iliyo nyuma yake. Funga macho, usikie uzito umeangukia wapi katika nyayo. Tazama mifereji iliyochorwa na mvua ya jana. Kedi wanaofahamu uwanja wa mlimani hutazama kwanza mlima, kisha ndipo wanautazama mpira, kwa sababu mlima ukiwa karibu hivyo, jicho huanza kuutumia kupimia kila kitu, na ardhi inayoshuka kwa upole huonekana tambarare, na iliyo tambarare kweli huonekana inapanda.

Masika na kiangazi

Udongo nao hupiga kura. Kati ya Machi na Mei ardhi ya chini ya mlima hujaa maji, na bapa la wima huadhibiwa papo hapo: kichwa cha fimbo kinazama, tope linaruka, mpira unabaki karibu. Kiangazi, ardhi ikikauka na kuwa ngumu, ni zamu ya bapa lililolala mno. Fimbo inagusa ardhi kabla ya mpira, soli yake inadunda juu ya udongo mgumu, na makali yanapiga tumbo la mpira. Mchezaji anayecheza mwaka mzima Morogoro anapimwa pande zote mbili, na asipodanganywa na mafanikio ya msimu mmoja, ataijua kasoro yake ilipo.

Fimbo za kuachiwa

Kuna jambo la mwisho ambalo ni la haki kwa wachezaji wengi wa nchi hii. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliofika mbali katika gofu walianza kama kedi, na walijifunza kwa fimbo walizoachiwa na wengine. Fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu ikiwa mikononi mwa kijana mfupi haitalala vizuri ardhini: ncha yake ya mbele inainuka, kisigino kinagusa, na uso unatazama kushoto hata kama mpigo hauna kosa. Kijana anajifunza kuupinga ule mvuto wa kushoto kwa kufungua uso, na baada ya miaka kadhaa anaambiwa bapa lake ni bovu. Bapa lake lilikuwa sahihi kwa fimbo isiyo yake.

Pembe ya mpini wa aironi namba 7 kutoka ardhini huwa kama nyuzi 62 au 63, na fundi anaweza kuipinda nyuzi moja au mbili. Kukata mpini peke yake hakutoshi, kwa sababu fimbo fupi humsogeza mchezaji karibu na mpira na kubadilisha pembe hiyohiyo. Kabla ya kumlaumu mtu au fimbo, pima. Chukua kalamu nene ya wino, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira mahali pa tambarare kweli, mstari ukisimama wima na kuelekea uso wa fimbo, upige mara moja, kisha ugeuze fimbo utazame alama iliyobaki usoni. Mstari ukisimama wima, fimbo ni yako. Ncha ya juu ya mstari ikiinamia upande wa mbele wa fimbo, fimbo imesimama wima mno kwa mwili wako. Ikiinamia kwenye kisigino, imelala mno. Futa wino kwa mate na kitambaa, rudia mara tano, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati.

Fanya hivyo asubuhi, kabla jua halijakausha umande, na usisahau kukagua kwanza kama hapo uliposimama ni tambarare.